Mji wa Nome na Dhahabu ya Ufuoni

Wasikilizaji wangu, leo nataka tusafiri pamoja mpaka mji wa pwani ulio mbali sana upande wa kaskazini, ndio mji wa Nome, katika Alaska, jimbo la Marekani. Sisi tukitajiwa pwani huwaza minazi na maji ya vuguvugu. Pwani ya Nome haina mnazi, na wakati wa baridi bahari huganda ikawa barafu, hata mtu hutembea juu yake. Mpaka leo hakuna barabara itokayo miji mikubwa ya Alaska kwenda Nome. Mgeni hufika kwa ndege, au kwa chombo barafu ikiisha kuyeyuka.

Basi, ni nini kilichowaleta watu mahali pagumu namna hii? Mwaka 1898 watu watatu, Jafet Lindeberg mzaliwa wa Norwei, na Erik Lindblom na John Brynteson wa Uswidi, walipata dhahabu katika kijito cha Anvil. Mwaka 1899 ikaonekana katika mchanga wa ufuo wenyewe. Habari hii ya pili iliwavuta maskini, maana ufuo haukuwa mali ya mtu. Mwenye sepetu na ndoo aliweza kuchimba siku ile ile aliyoshuka merikebuni. Hesabu ya watu ya mwaka 1900 ilipata watu 12,488, wengi wao wakikaa katika mahema yaliyopangana kando ya maji.

Lakini penye mali nyingi hapakosi mwizi, na huenda akavaa joho. Mwaka 1900 alikuja hakimu, Arthur Noyes, pamoja na rafiki yake Alexander McKenzie. Mara hakimu akayatoa machimbo bora mikononi mwa wenyewe, akamkabidhi McKenzie ayaangalie mpaka kesi ziishe. Na McKenzie akawa anachimba dhahabu. Wenye haki wakapeleka malalamiko mpaka mahakama ya rufani ya San Francisco. McKenzie alitiwa gerezani, na Noyes akaondolewa kazini.

Tena tusiwasahau wenyeji, Wainupiati, waliokaa katika nchi ile karne nyingi kwa kuvua na kuwinda. Mwaka 1900 surua na homa ya mafua ziliwaangukia, wakafa wengi mno, na watoto wengi wakabaki yatima. Dhahabu ilipelekwa mbali. Msiba ukabaki kwao.

Miaka ikapita, dhahabu ikapungua, na wengi wakaondoka. Ndipo Januari 1925 ukaingia ugonjwa wa dondakoo, unaoziba pumzi za watoto. Daktari Curtis Welch hakuwa na dawa ya kutosha, na bandari ilikuwa imefungwa na barafu. Dawa ililetwa kwa reli mpaka Nenana. Kutoka hapo zilibaki maili 674 za theluji. Waendeshaji 20 wa magari yavutwayo na mbwa, wengi wao wenyeji wa Alaska, wakapokezana usiku na mchana. Leonhard Seppala na mbwa wake Togo walipita sehemu ndefu na ya hatari. Gunnar Kaasen, aliyeongozwa na mbwa Balto, akaingia Nome tarehe 2 Februari. Safari ile ilichukua siku tano na nusu. Wahenga walisema kweli: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mwaka 1934 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, nao ukajengwa upya. Hesabu ya mwaka 2020 ilipata watu 3,699. Mgeni atawaona bado watu wakichekecha mchanga ufuoni, na kila mwaka, mwezi wa Machi, watu hukusanyika kuwapokea washindani wa mbio za mbwa ziitwazo Iditarod.

Tazameni basi, wasikilizaji: maelfu walikwenda Nome kwa ajili ya dhahabu, na ilipopungua wakaenda zao. Bali wale 20 hawakuchimba kitu katika safari ile. Walibeba dawa ya watoto wa watu wengine, na mpaka leo majina yao yatajwa kwa heshima.