Wakubwa Wakikubaliana, Uliza Majina

Wasee, siku wapinzani wawili wa urais wanakubaliana kuhusu pesa, shika mfuko wako.

2017 Uhuru na Raila walikuwa maadui, na mitaa yetu huku Eastlands ikagawanyika nao. Machi 9, 2018 wakasalimiana. Miezi sita baadaye serikali ilikuwa na shimo kwenye bajeti, na VAT ya 16% kwa mafuta ilikuwa imeanza Septemba 1. Wabunge walitaka iahirishwe miaka miwili. Uhuru akakataa mswada wao, akataka 8%. Raila naye akaunga mkono.

Septemba 20 Bunge likawa soko. Kumpinga rais kulihitaji kura 233. Wabunge walipiga kelele, lakini aliyeongoza kikao akaamua kwa kusikiliza sauti: 8% imepita. Sheria hiyo hiyo iliongeza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa. Kama nyumbani mlipikia stovu Dandora ama Mathare, mnajua nani alilipa.

Marekani walikuwa wamepitia kitu kama hicho 2008. Benki zilikuwa zinaanguka, serikali ikataka dola bilioni 700 za kuziokoa. McCain alisimamisha kampeni yake akarudi Washington. Yeye na Obama, wiki chache kabla ya uchaguzi, wakaunga mkono mpango mmoja. Bado wawakilishi waliukataa Septemba 29, kura 228 kwa 205. Oktoba 1 Seneti ikaupitisha 74 kwa 25, Obama na McCain wote wakisema ndiyo. Siku mbili baadaye wawakilishi nao wakakubali, 263 kwa 171.

Huko pia wakubwa walikubaliana, lakini kila kura ilikuwa na jina. Mwananchi aliweza kumuuliza mtu wake: mbona ulibadilisha? Sisi 2018 tuliachiwa kelele tu. Kila mheshimiwa angeweza kurudi mtaani aseme yeye alipinga.

Sasa kumbuka Juni 25, 2024. Mswada wa Fedha ulipita 195 kwa 106, na majina yakafika kwa simu zetu siku hiyo hiyo. Kesho yake rais akakataa kuusaini. Vijana walikuwa barabarani, sawa, lakini pia walijua nani wa kuulizwa.

Kwa hivyo mswada mwingine wa pesa ukikuja, usiulize tu kigogo wako amesema nini. Uliza hivi: kura ni ya majina ama ya sauti?