Kingo za Ngozi: Kulainisha na Kuimarisha

Ukingo huwahi kuchakaa katika kifaa cha ngozi. Hapo nyuzinyuzi zilizokatwa hubaki wazi, hunyonya maji na kuchambuka. Kwa sababu hiyo, mafundi wa matandiko na hatamu za farasi, kazi iliyoupa umaarufu mji wa Walsall nchini Uingereza katika karne ya 19, huushughulikia ukingo kwa uangalifu mkubwa.

Kwanza, tabaka zilizogundishwa husawazishwa kwa kisu na msasa hadi maungio yasionekane. Kisha ncha za juu na chini hukwanguliwa ili ukingo uwe wa mviringo. Baada ya kutiwa rangi, ukingo huloweshwa kidogo na kusuguliwa kwa kasi kwa kitambaa au kipande cha mti mgumu. Unyevu na joto la msuguano hubana nyuzinyuzi, zikashikana na kung'aa. Mwisho hupakwa nta ya nyuki, inayozuia maji.

Njia hii hufaa ngozi iliyodabaghiwa kwa maganda ya miti. Ngozi iliyodabaghiwa kwa kromu haishiki umbo kwa kusuguliwa. Kingo zake hukunjwa au hupakwa rangi nzito.

Uimara zaidi hutokana na mshono unaopita milimita chache kutoka ukingoni. Fundi hutoboa kwa msharasi, kisha hupitisha katika kila tundu sindano mbili za uzi mmoja wa kitani uliotiwa nta, kila moja kutoka upande wake. Uzi ukikatika mahali pamoja, mshono uliobaki huendelea kushika.