Jina la Kiwanjani: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Mpima ardhi amepaka X nyekundu kwenye ukuta wa Guka, babu yangu, kando ya lami ya Nyeri–Nyahururu. Barua aliyoiacha imeandikiwa mtu ambaye nyumbani hakuna anayemjua. Guka ameisoma, akaikunja, kisha akaagiza bodaboda. SASA ENDELEA…

"Wajina, leta ule mkebe wa Kimbo ulio chini ya kitanda changu. Na usiufungue."

Tulipanda watatu kwenye pikipiki moja: dereva, Guka katikati, mimi nyuma na mkebe kifuani. Sheria hairuhusu, najua, lakini mwambie wewe mzee anayekaribia miaka tisini asubiri matatu ijae.

Mtu akitaka kuujua mji wa Mweiga asianzie sokoni kwenye viazi na kabeji. Asimame barabarani, Mlima Kirinyaga upande wa mashariki, milima ya Nyandarua, au Aberdare, magharibi, tambarare ya Kieni katikati, ajiulize ardhi yote hii ilikuwa ya nani. Jibu la Guka ni fupi: ya ng'ombe wa mzungu. Hadi uhuru unakuja, huku kulikuwa na mashamba ya walowezi, na Mwafrika aliishi humo kama kibarua. Hata leo ranchi ya Solio ipo pale pale, ila tangu 1970 imekuwa pia maskani ya vifaru.

Tukapita makao makuu ya Hifadhi ya Aberdare. Guka hakugeuza shingo. Alipoona basi la watalii likielekea kwenye hoteli ya mlimani, wanakokusanyika kabla ya kupelekwa kulala The Ark, ndani ya msitu, ndipo akacheka.

"Wanalipa pesa kulala msituni! Sisi tulilala bure, na mabomu tukaongezewa."

Huo ndio wimbo niliokulia. Guka alikuwa msituni akipigania uhuru. Guka alikuwa karibu hoteli ya Treetops ilipochomwa 1954. Kila Sikukuu ya Mashujaa baba humvalisha koti jeusi na kumkalisha mbele.

Kwenye kiwanja cha ndege cha Mweiga tulikuta kondoo. Upepo wa Kieni ulikuwa unavuma ule wa kukausha midomo. Guka akashuka, akachomeka fimbo ardhini, akaanza kusema bila kuniangalia.

"Waingereza waliikuta tambarare, na msitu uko hapo mbele. Walitaka nini tena?"

Ni kweli. Mwaka 1953, Hali ya Hatari ikiwa imeshatangazwa, jeshi la anga la Uingereza lilileta hapa ndege za Harvard. Zilitengenezwa za kufundishia marubani, lakini zikafungwa mabomu madogo ya ratili 20 zikatumwa Nyandarua. Yale madege makubwa ya Lincoln yalitokea Eastleigh, Nairobi. Msitu ulikuwa umetangazwa eneo lililopigwa marufuku, na aliyeonekana humo alipigwa risasi bila kuulizwa. Kulikuwa pia na ndege zenye vipaza sauti, zikizunguka juu ya miti na kuwaita wapiganaji wajisalimishe, kwa Kikuyu safi.

"Harvard ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine," Guka akaendelea. "Kioo chake unakivuta kuelekea nyuma. Ukikivuta haraka kinakwama. Lazima kwanza ufute vumbi kwenye reli, kwa kitambaa chenye mafuta."

Nikatikisa kichwa kukubali, kama nilivyozoea. Kisha nikaacha.

Mtu wa msituni huona tumbo la ndege, tena akiwa amelala kifudifudi. Hajui kioo kinakwama wapi.

"Guka," nikasema, "wewe ulivijuaje viti vya Harvard?"

Kondoo wawili walipita katikati yetu. Akanyoosha mkono. "Sasa fungua."

Ndani ya mkebe kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kitabu cha pasi, kile Wakikuyu walichotakiwa kutembea nacho wakati wa Hali ya Hatari. Karatasi zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. Nikazibandua kwa ukucha hadi kwenye picha. Kijana mwembamba, masikio yametokeza, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Jicho hilo ninalo mimi. Baba analo.

Nikashusha macho kwenye jina. Halikuwa letu. Lilikuwa lile lile la kwenye barua ya mpima ardhi.

"Hilo ndilo jina nililopewa na mama yangu," Guka alisema. "Hili tunaloitwa mimi na wewe nilimvua mtu. Hapa hapa kiwanjani."

"Ulimvua? Alikuwa amekufa?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

Pikipiki nyingine ikakata kona kutoka barabarani na kusimama mbele yetu. Bibi mmoja akashushwa taratibu, shuka begani, barua mkononi yenye muhuri ule ule wa barua ya mpima ardhi. Hakunisalimu. Akamwendea Guka moja kwa moja, akamtazama lile jicho dogo, akamwita kwa jina la kwenye pasi.

"Mume wangu yuko hai," akasema. "Amenituma nikudai jina lake."

Je, Guka atalirudisha? Na X nyekundu iko kwenye ukuta wa nani? Usikose sehemu ya nne, Jumamosi ijayo.