Kijana Darwin na Waliomfunza

Yamkini umekwisha kusikia habari za Charles Darwin, Mwingereza aliyeeleza jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Watu wengi humdhania kuwa aliketi peke yake, akawaza, akavumbua. Sivyo ilivyokuwa. Utazame ujana wake.

Mwaka 1826, alipokuwa akisomea udaktari mjini Edinburgh, alimlipa John Edmonstone amfundishe kuhifadhi ngozi za ndege zisioze. Edmonstone alikuwa mtu mweusi, aliyekuwa mtumwa hapo kwanza huko Guyana. Vitabu humtaja kwa nadra, nami naona huo ni upungufu mkubwa, kwa maana ndege wote utakaosoma habari zao hapa chini walihifadhiwa kwa ufundi wa namna hiyo.

Huko Cambridge Darwin aliandamana na Profesa John Henslow, mjuzi wa mimea. Henslow ndiye aliyempendekeza asafiri katika merikebu Beagle mwaka 1831. Kwa muda wa karibu miaka 5 kijana huyu alimpelekea mwalimu wake masanduku ya mifupa, ngozi na mimea. Usidhani alipata sifa tupu! Mwaka 1833 Henslow alimlaumu kwa kufunga vitu vibaya. Kitu cha nambari 223 kilifika kama masizi, hata hakikutambulikana. Lakini mwaka 1835 alizisoma barua za Darwin mbele ya wataalamu, na Darwin aliporejea mwaka 1836 jina lake lilikwisha kumtangulia.

Aliporejea hakuvikumbatia vitu vyake. Mifupa ya kale alimpa Richard Owen, na ndege akampa John Gould. Baadhi ya ndege wa visiwa vya Galapagos walikuwa na midomo isiyofanana, naye Darwin aliwadhani kuwa wa jamii mbalimbali. Januari 1837 Gould alisema kuwa wote ni wa jamii moja, mfano wa chiriku. Basi ikawa lazima kujua kila ndege alitoka kisiwa gani, na Darwin hakuwa ameandika! Akaenda kuuliza kwa Nahodha FitzRoy, na hata kwa mtumishi wake mwenyewe, Syms Covington, ambao ndege wao walikuwa na majina ya visiwa. Julai mwaka ule ule, akiwa na umri wa miaka 28, alifungua daftari lake la kwanza juu ya kubadilika kwa viumbe.