Nishati Jadidifu: Istilahi na Mipaka Yake

Magazeti ya Dar es Salaam huandika "nishati jadidifu". Ya Nairobi hupenda "kawi safi" na "nishati mbadala". Siku hizi maneno haya hupishana hata ndani ya habari moja, kana kwamba ni majina matatu ya kitu kimoja. Sivyo, kwa sababu kila neno lina swali lake. Jadidifu huuliza: chanzo hiki kikitumiwa, kinarudi? Safi huuliza: kinachafua nini? Mbadala huuliza: kimeshika nafasi ya nini? Chanzo kimoja kinaweza kufaulu swali la kwanza na kuanguka la pili.

Mzizi wa istilahi yetu ni jadidi, neno lenye asili ya Kiarabu na maana ya upya. Kiarabu cha leo nacho hutumia mzizi huohuo kuitaja nishati hii, mutajaddida. Kiswahili kimeongeza kiambishi -fu, kile tunachokisikia katika -sahaulifu, ambacho huonyesha tabia ya kudumu. Msahaulifu si mtu aliyesahau mara moja. Vivyo hivyo, nishati jadidifu si nishati mpya wala ya kisasa, bali ni ile yenye tabia ya kujirudisha upya. Upepo wa kaskazi umekuwa ukisukuma majahazi kwa karne nyingi. Ukiisha huja kusi, na mwaka ukizunguka kaskazi hurejea, hata kama maelfu ya matanga yametwekwa. Haupungui kwa kutumiwa, na hiyo ndiyo maana ya jadidifu.

Upande wa pili kuna kisukuku, yaani mabaki ya mmea au mnyama wa kale yaliyohifadhika ardhini. Nishati ya kisukuku ni makaa ya mawe, mafuta ya petroli na gesi asilia, vitu vilivyotokana na viumbe waliofukiwa mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa kipimo cha maisha ya binadamu, kilichochomwa hakirudi. Tena kaboni iliyokuwa imefungiwa chini kwa muda wote huo huachiwa hewani kwa mkupuo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya dunia kupata joto. Hapa pana mtego kwa mwandishi: Mtanzania husema mkaa, Mkenya husema makaa, na wote wawili wanamaanisha miti iliyochomwa. Kichwa cha habari kinachosema "makaa" bila "ya mawe" kinaweza kumpeleka msomaji msituni wakati habari yenyewe ni ya mgodi.

Neno jadidifu lina sharti lisilosemwa, nalo huonekana wazi Olkaria, karibu na Naivasha, ambako Kenya ilianza kufua umeme wa jotoardhi mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15. Visima vya huko huchimbwa hadi kufikia hata kilomita tatu kwenda chini. Mchanganyiko wa maji ya moto na mvuke hupanda kwa shinikizo, hutenganishwa, kisha mvuke huzungusha turbini. Joto la chini halina dalili ya kuisha, lakini maji yanayolibeba yanaweza kupungua. Yakivutwa haraka kuliko yanavyorejea, shinikizo hushuka na kisima huchoka. Ndiyo maana sehemu ya maji yaliyokwisha kutumika hurudishwa ardhini kupitia visima maalumu. Ujadidifu wa jotoardhi, basi, unategemea jinsi linavyovunwa. Wala usafi wake si kamili: mvuke huja na kiasi cha kabonidayoksaidi na haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka mayai viza, ingawa kabonidayoksaidi yake kwa kawaida ni kidogo sana ikilinganishwa na ya mtambo wa makaa ya mawe.

Tofauti kati ya jadidifu na safi hujitokeza zaidi jikoni. Kuni ni jadidifu, mradi msitu usikatwe kwa kasi inayozidi uotaji wake, lakini moshi wake huumiza mapafu ya mpishi. Gesi ya mtungi haimtoi machozi mpishi, ila ni kisukuku. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao Tanzania iliuzindua mwaka 2024 kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, unaihesabu gesi hiyo kuwa safi. Kwa kipimo cha afya na misitu, ni sahihi. Kosa ni la mwandishi anayeichukua "safi" ya jikoni na kuiandika "jadidifu" gazetini. Nyuklia nayo haitoi kaboni inapofua umeme, lakini urani huchimbwa na haijirudishi, hivyo si jadidifu.

Neno mbadala ndilo lenye matatizo zaidi kwetu. Lilikuja na mtazamo wa nchi zilizojengwa kwa makaa ya mawe, ambako maji, jua na upepo vilikuwa kando. Tanzania haikuanzia huko. Kwa miaka mingi umeme wa gridi yake ulitegemea mabwawa kama Kidatu na Mtera. Ukame ulipoyakausha na mgawo wa umeme ukawa sehemu ya maisha, nchi iligeukia gesi. Ile ya Songo Songo ilianza kufua umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Kisukuku ndicho kilichokuwa mbadala wa jadidifu. Sasa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, limeyarudisha maji mbele. Kenya nako jotoardhi ndilo chanzo kikubwa kuliko vyote cha umeme wake. Kuliita mbadala ni kumwita mwenye nyumba mgeni.

Usahihi huu una uzito nje ya kamusi. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Mazingira la Kenya, chombo kinachosikiliza mashauri ya mazingira, lilibatilisha leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lamu ni kitovu cha Kiswahili. Mkutano wa kushirikisha watu huko hauwezi kuwa na maana ikiwa makaa ya mawe yatasikika kama makaa ya jikoni, au ikiwa kila mradi utabandikwa neno safi bila kusemwa unamsafishia nani.

Kwa hiyo mwandishi ataje chanzo kwanza: jotoardhi, upepo, gesi asilia, makaa ya mawe. Kisha achague sifa kulingana na swali lililo mbele yake. Akizungumzia kujirudisha, aseme jadidifu. Akizungumzia moshi au kaboni, aseme safi na aeleze ni usafi wa nini. Mbadala asilitumie mpaka ataje kilichobadilishwa.