Elimu ya Wasichana Vijijini Japani, 1872–1910

Mwaka 1872 serikali mpya ya Meiji nchini Japani ilitangaza Sheria ya Elimu, iitwayo Gakusei kwa Kijapani. Shabaha yake ilikuwa elimu ifike katika kila kijiji na kila nyumba, pasipo kubagua mkulima na mwungwana, wala mwanamume na mwanamke. Lakini sheria ni jambo moja, na mtoto kuingia darasani ni jambo la pili. Mwaka uliofuata, katika kila wavulana mia wa umri wa kwenda shule, walioandikishwa walikuwa kama 40. Wasichana walikuwa 15 tu. Ilipofika mwaka 1910 wasichana walioandikishwa walizidi 97 katika mia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi pengo hilo lilivyozibwa, na gharama iliyolipwa.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba wanavijiji hawakuwa maadui wa elimu. Kabla ya enzi ya Meiji zilikuwako shule ndogo zilizoitwa terakoya, ambamo watoto wa watu wa kawaida walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Wasichana walikuwamo, ingawa vijijini walikuwa wachache. Aghalabu msichana wa shambani alipelekwa kwa mama mmoja aliyesifika kwa ushoni, akajifunza kukata na kushona mavazi ya jamaa yake. Machoni pa wazazi, hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yenye manufaa.

Shule mpya ilikuja na mambo mageni. Kwanza, ilidai ada. Kiwango kilichowekwa na sheria kilikuwa sen 50 kwa mwezi, na ingawa mara nyingi kilichotozwa kilikuwa pungufu, mzigo ulikuwa mzito, kwani kijiji ndicho kilichobeba pia gharama za kujenga na kuendesha shule. Pili, vitabu vingi vilifuata mafunzo ya nchi za Magharibi, wala ushoni haukuwamo. Tatu, walimu walikuwa karibu wote wanaume. Hasira ilipanda hata mwaka 1873, katika ghasia za wakulima wa eneo la Mimasaka, ambalo leo limo mkoani Okayama, shule zilikuwa miongoni mwa majengo yaliyochomwa moto, pamoja na kupingwa kwa amri ya kuandikishwa jeshini.

Zaidi ya yote palikuwa na kazi. Katika nyumba ya mkulima msichana alichuma majani ya mforosadi ya kulisha viwavi wa hariri, akateka maji, akalea wadogo zake. Wazazi maskini zaidi walimtoa akalee watoto wa watu wengine, ili nyumbani kinywa kimoja kipungue. Mlezi huyo aliitwa komori, neno lililoundwa kwa "ko", yaani mtoto, na "mori", yaani ulinzi. Alikuwa mtoto aliyebeba mtoto mgongoni tangu asubuhi hata jioni. Akienda darasani na mzigo wake, kilio cha mchanga kiliwasumbua wengine. Akibaki nje, alikua bila kujua kuandika jina lake.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka 1883, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Ibaraki, mwalimu Watanabe aliamua kuinama. Alifungua shule ya komori, yenye chumba cha masomo, chumba cha kuchezea watoto wadogo, na chumba cha kutulizia wachanga. Walezi walisoma kwa saa walizoweza, na watoto waliowalea walitunzwa papo hapo. Mwaka 1884 alichapisha kitabu kueleza njia yake. Baadaye shule na madarasa ya namna hiyo yalienea katika mikoa mbalimbali, hasa Nagano, nchi ya hariri.

Serikali nayo ilijifunza. Mwaka 1893 Wizara ya Elimu ilihimiza ushoni ufundishwe wasichana katika shule za msingi, ili wazazi waone faida. Mwaka 1900 ada iliondolewa katika shule za msingi za umma kwa kawaida, na elimu ya lazima ikawekwa kuwa miaka minne. Hesabu zinasema zenyewe: mwaka 1890 wasichana walioandikishwa walikuwa 31 katika mia, mwaka 1900 walifika karibu 72. Lakini tusisahau kwamba hao ni walioandikwa daftarini. Waliohudhuria kila siku walikuwa wachache zaidi, hasa wakati wa mavuno na wa viwavi.

Hata hivyo, sindano iliyomwingiza msichana shuleni ndiyo pia iliyomfungia humo ndani. Sheria ya mwaka 1899 iliutaka kila mkoa uwe na shule ya sekondari ya wasichana, lakini muda wake wa kawaida ulikuwa miaka minne, hali ya wavulana ulikuwa mitano, tena hisabati na lugha za kigeni zilipunguzwa. Lengo lililotangazwa lilikuwa kumlea mke mwema na mama mwenye busara. Mwaka 1910 zikaongezwa shule za sekondari za ufundi wa nyumbani, ambazo gharama yake nafuu iliziwezesha kufika katika miji midogo ya mashambani. Humo ushoni ulichukua sehemu kubwa ya ratiba. Mlango wa chuo kikuu cha kifalme haukufunguliwa hata mwaka 1913, wanawake watatu walipopokewa katika Chuo Kikuu cha Tohoku.

Basi historia hii ina mafunzo mawili kwetu sisi tushikao chaki. La kwanza ni kwamba mtoto asiyefika shuleni hana budi kuulizwa amebeba nini mgongoni, kabla wazazi wake hawajalaumiwa kwa ujinga. La pili ni kwamba kumfuata mtoto alipo ni mwanzo wa kazi tu. Mwalimu wa Ibaraki aliinama ili amwinue msichana. Wengi waliofuata waliinama, wakamwacha palepale walipomkuta, akiwa na cheti mkononi. Tofauti ya hao wawili haionekani katika daftari la mahudhurio. Huonekana katika yale ambayo msichana huyo anaruhusiwa kujifunza baada ya kuketi.