Kiti cha Ishirini na Tatu

Mwaka 1961 watu wa Unguja na Pemba walikwenda kupiga kura mara mbili katika muda wa miezi mitano. Mara ya kwanza kura hazikuzaa serikali. Mara ya pili zilizaa serikali pamoja na misiba. Habari za mwaka huo hustahili kukumbukwa, kwani zinaonyesha tofauti iliyopo baina ya kushinda kwa hesabu na kukubaliwa na watu.

Uchaguzi wa kwanza wa visiwa hivyo, wa Julai 1957, ulihusu viti 6 tu vya Baraza la Kutunga Sheria, na Hizbu haikupata hata kimoja. Kushindwa huko kuliifunza Hizbu kujipanga, mjini na mashamba. Wapinzani wake wa Afro-Shirazi walishinda, walakini hawakudumu pamoja. Mwishoni mwa mwaka 1959 kundi la Washirazi, Mohammed Shamte akiwa miongoni mwa viongozi wake, lilijitenga na kuunda Chama cha Watu wa Zanzibar na Pemba.

Matunda ya utengano huo yalionekana tarehe 17 Januari 1961. Katika viti 22 vilivyoshindaniwa, Afro-Shirazi ya Abeid Karume ilipata 10, Hizbu ya Ali Muhsin 9, na chama cha Shamte 3. Kiti cha Chake Chake kiliangukia Afro-Shirazi kwa kura moja tu. Hivyo watu watatu walishika hatima ya nchi, na kila upande ukawabembeleza. Lakini chama chao kilikuwa na mioyo miwili: kilihofu nguvu za watu wa asili ya Bara ndani ya Afro-Shirazi, na wakati huo huo wafuasi wake wengi walikuwa wakulima wasiotamani kutawaliwa na mabwana wa mashamba. Shamte na mwenziwe mmoja walikwenda Hizbu. Ali Sharif akaenda Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11.

Serikali ya muda iliwekwa, na dawa ikatafutwa katika hesabu. Kiti kimoja kiliongezwa, vikawa 23, ili sare isiweze kutokea tena. Tarehe 1 Juni kura zikapigwa upya, safari hii Hizbu na chama cha Shamte wakiwa wamekwisha kupatana. Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 10, na Shamte tena 3. Washirika wakawa na 13, na Shamte, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote, akawa Waziri Kiongozi. Afro-Shirazi, iliyokuwa imepata karibu nusu ya kura zote, ikaketi upande wa upinzani.

Siku ile ile ya kura, lawama za udanganyifu zilizusha mapigano mjini, yakaenea mashamba. Watu 68 walipoteza maisha. Jirani alimwinukia jirani aliyekuwa akiteka naye maji kisima kimoja. Kiti cha ishirini na tatu kilikuwa kimeondoa sare. Shaka kiliiacha pale pale.

Shaka hiyo ilikua. Katika uchaguzi wa Julai 1963 viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura na viti 13. Washirika walipata kura chache zaidi na viti 18, kwa kuwa wingi wa Afro-Shirazi ulirundikana katika majimbo machache. Sheria haikuvunjwa, ila waliopata kura nyingi walijiona wamenyang'anywa. Serikali ya Shamte ilipokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963, ikapinduliwa tarehe 12 Januari 1964, baada ya siku 33.

Si haki kusema kwamba mapinduzi yalitokana na hesabu ya viti peke yake. Ardhi, kabila na kumbukumbu za utumwa vilikuwa na sehemu kubwa. Hata hivyo, mwaka 1961 ulikuwa na nafasi ambayo haikurudi upesi. Sare ya 11 kwa 11 ilikuwa ikisema kwamba nchi ni ya pande mbili zilizo sawa, na kwamba hakuna upande uwezao kuitawala peke yake kwa amani. Ilichukuliwa kuwa kasoro ya kurekebishwa, wala haikusikilizwa kama neno la wananchi. Wazanzibari walikuja kulijibu neno hilo tarehe 31 Julai 2010, karibu theluthi mbili ya wapiga kura walipokubali serikali ya umoja wa kitaifa. Miaka 49 ilikuwa imepita.